Cha Mfano si cha Uongo

Siku ya Wazazi ya muhula uliopita, sisi wa Kidato cha Sita tusomao sayansi tulipewa kazi ya kuwatembeza wageni katika maabara ya shule. Mimi niliwekwa kwenye meza ya Biolojia. Juu ya meza palikuwa na bilauri ya maji, na ndani ya maji ulizamishwa mrija mlaini, mwembamba kama ngozi ya soseji, uitwao mrija wa Visking. Ncha zake mbili zilifungwa kwa uzi, na ndani yake mlikuwa na uji mwepesi wa wanga uliochanganywa na glukosi. Niliwaeleza wazazi ya kwamba mrija ule ni mfano wa utumbo mwembamba wa mtu, na maji yaliyouzunguka ni mfano wa damu. Na ya kwamba baada ya nusu saa hivi tukiyapima yale maji tutakuta glukosi imepenya, bali wanga umebaki ndani, kwa kuwa chembe zake ni kubwa mno.

Wazazi walisikiliza, wakashukuru, wakaenda meza ya Kemia. Lakini mzee mmoja, fundi mwashi kwa kazi yake, alibaki amesimama. Aliutazama mrija kwa muda, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, huu ni utumbo?"

"Hapana, Mzee, ni mfano wake."

"Na hiyo ni damu?"

"Hapana, Mzee, ni maji."

Akacheka kidogo, akasema, "Basi leo umenionyesha maji na mfuko. Habari za utumbo nitazipata kwa nani?"

Nilikosa jibu. Nilijaribu kusema maneno mawili matatu ya kitabuni, naye kwa adabu akanisikiliza, lakini nilijua moyoni ya kuwa sijamjibu. Neno lake lilinisumbua likizo nzima. Sasa namwomba Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu nimjibu, maana najua mwanawe yumo katika shule hii na hapana shaka atampelekea nakala nyumbani. Nawajibu pia wenzangu wengi, ambao nimewasikia mara nyingi bwenini wakisema ya kwamba sayansi yetu ni "sayansi ya kuigiza".

Jibu langu kwa kifupi ni hili: kitu cha mfano si uongo. Huwa uongo siku kinapofichwa jina lake, au kinapoulizwa swali ambalo hakikutengenezwa kulijibu, au mwanafunzi anapoandika alichotazamiwa kuona badala ya alichokiona. Makosa hayo matatu ni ya watu, wala si ya kitu.

Kwanza yafaa tukumbuke ya kuwa kutumia mfano hakukuanzia maabara. Watoto wa kike vijijini hujifunza kusuka kwa kutumia gunzi la mahindi lenye nywele zake, kabla hawajashika kichwa cha mtu. Kijana anayejifunza kwa fundi cherehani huanza kwa kushona karatasi za mifuko ya saruji, maana karatasi ikiharibika hapana hasara, bali kitenge cha mteja kikiharibika pana ugomvi. Hakuna amwitaye mtoto yule au kijana yule mwongo. Kila mtu ajua ya kwamba gunzi si kichwa na karatasi si kitenge.

Wataalamu nao hutumia vitu vya mfano kwa sababu hizo hizo: ama kitu chenyewe ni adimu, ama ni cha hatari, ama ni kiumbe hai ambacho si haki kukidhuru kwa ajili ya majaribio. Nitatoa habari chache za kweli ili wasomaji waone kazi hii inavyofanywa, na inavyoweza kukosea.

Habari ya kwanza ni ya udongo wa mwezini. Kati ya mwaka 1969 na mwaka 1972 Wamarekani walitua mwezini mara 6, wakarudi na mawe na udongo wa uzito wa kilo 382 kwa jumla. Hayo hayafiki magunia manne ya mahindi ya kilo mia mia. Na mali hiyo hutunzwa kama dhahabu, maana hakuna duka la kununua nyingine. Sasa tumfikirie mhandisi anayetaka kujaribu gurudumu la gari la mwezini, au mashine ya kuchimba huko. Yeye ahitaji udongo wa kujaza chumba kizima, apite juu yake leo, auvuruge, aurudie kesho. Je, apewe zile kilo 382 azikanyage? La, hasha.

Kwa hiyo walitafuta udongo wa mfano. Miaka ya 1990 wataalamu wa kituo cha anga cha Johnson huko Houston walitengeneza udongo ulioitwa JSC-1. Haukutoka mbali: ulikuwa majivu ya volkano yaliyochimbwa katika jimbo la Arizona, karibu na mji wa Flagstaff, yakasagwa na kuchekechwa hata ukubwa wa chembe zake ukakaribiana na wa udongo wa mwezini. Tena ulipokwisha ukatengenezwa mwingine, JSC-1A. Hapo zamani, mwaka 1967, karibu na mji huo huo, Wamarekani walikuwa wamekwisha tandika uwanja mzima wa mfano: walifukia baruti katika majivu ya volkano na kuilipua, wakapata mashimo 47 yaliyopangwa kwa kufuata picha ya sehemu moja ya uso wa mwezi, ili wanaanga wajizoeze kutembea na kusoma ramani kabla ya safari.

Lakini wataalamu wale hawakudai ya kuwa wameleta mwezi Arizona. Walisema wazi udongo wao unafanana na ule wa kweli katika mambo gani, na katika mambo gani haufanani. Udongo wa mwezini haujapata kuguswa na upepo wala mvua, kwa hiyo chembe zake ni kali kama vigae vya kioo, hazikusuguliwa zikawa mviringo. Umejaa vipande vya kioo vilivyotokana na kupigwa na vimondo vidogo vidogo, na ndani yake mna punje ndogo mno za chuma kitupu. Majivu ya Arizona hayana hayo yote kwa kadiri ile. Kwa mtu wa magurudumu upungufu huo waweza kuvumilika. Kwa mtu atakaye kujua madhara ya vumbi lile katika mapafu, huo ni upungufu mkubwa sana. Ndiyo kusema, udongo ule ule ni shahidi mwema kwa swali moja, na ni shahidi mbaya kwa swali jingine.

Habari ya pili yathibitisha neno hili vizuri zaidi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida, Anna-Lisa Paul na Robert Ferl, walitaka kujua kama mmea waweza kuota katika udongo wa mwezini. Waliomba udongo wa kweli mara tatu katika muda wa miaka 11, na mwisho wakapewa gramu 12 tu. Gramu 12 ni vijiko vichache vya chai. Kila mmea ulipata gramu moja hivi ya udongo, na kando yake zikapandwa mbegu nyingine katika majivu yale ya mfano, JSC-1A, wakazipa zote maji, mwanga na chakula sawasawa. Mmea wenyewe ni mdogo, wa jamii ya haradali na kabichi. Habari zao zilitangazwa mwezi wa Mei mwaka 2022.

Ikawaje? Mbegu zote ziliota, katika udongo wa mfano na katika ule wa kweli. Mtu mwenye haraka angalisema, "Basi, ni sawa." Lakini baada ya siku chache mimea iliyo katika udongo wa mwezini ikaanza kudumaa. Mizizi yake ilikuwa mifupi, majani yalichelewa kupanuka, na mingine ikageuka rangi ikawa ya wekunduwekundu kama mmea ulioumwa. Ile iliyopandwa katika majivu ya volkano ilistawi vizuri. Kama wasingalikuwa na zile gramu 12, wangaliweza kuwaambia walimwengu ya kwamba udongo wa mwezi wafaa kwa bustani. Mfano uliwafundisha kazi, ukawawekea cha kulinganisha, walakini neno la mwisho lilisemwa na kitu chenyewe.

Habari ya tatu ni ya kushindwa, nami naipenda zaidi kwa sababu hiyo. Tarehe 26 Novemba 1018 ya miaka yetu ingekuwa hadithi, lakini hii ni ya juzi tu, mwaka 2018: siku hiyo chombo cha Marekani kiitwacho InSight kilitua katika sayari ya Mirihi. Kilichukua kifaa kilichotengenezwa na Wajerumani, nacho ni kama msumari mnene wa sentimita 40 hivi, wenye nyundo ndani yake. Kazi yake ilikuwa kujipigilia ardhini hata mita 5 ili kupima joto la ndani ya sayari. Kabla ya safari kilijaribiwa hapa duniani katika mchanga, nacho kikazama vema. Kule Mirihi kilikataa. Udongo wa mahali pale ulikuwa wa kugandamana. Kila msumari ulipopiga, shimo lilibaki wazi pembeni mwake badala ya mchanga kuporomoka na kuushika, na msumari usioshikwa haushuki, bali warukaruka tu mahali pamoja. Wataalamu walihangaika karibu miaka miwili, hata wakatumia mkono wa chombo kuusukuma, na mwezi wa Januari mwaka 2021 wakaacha. Msumari wote ulikuwa umezama, lakini kichwa chake kilikuwa sentimita mbili au tatu tu chini ya uso wa ardhi.

Je, waliokijaribu mchangani walikuwa waongo? Hapana. Walichagua mfano kwa maarifa waliyokuwa nayo, wakatangaza walichofanya, na kiliposhindwa wakatangaza kushindwa kwake na sababu yake. Sasa yeyote atakayetengeneza kifaa cha namna hiyo atajua ya kwamba yapasa kukijaribu pia katika udongo wa kugandamana. Hasara yao imekuwa elimu ya wengine, kwa sababu hawakuificha.

Msomaji asidhani ya kuwa mambo haya ni ya mwezini na Mirihi peke yake. Wagonjwa wa saratani hapa kwetu hutibiwa kwa mionzi, mathalani katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi ikizidi huunguza, ikipungua haiponyi. Mashine itapimwaje, nasi hatuwezi kumlaza mtu na kumpiga mionzi ya kubahatisha? Duniani kote kanuni ni moja: hutumika tangi la maji, na ndani ya maji huwekwa kipimo. Maji yalichaguliwa kwa kuwa nyama ya mwili wetu hupokea na kutawanya mionzi karibu sawa na maji yafanyavyo. Lakini wataalamu wa kazi hiyo wajua pia mahali ambapo maji si mwili. Mapafu yamejaa hewa, kwa hiyo huipitisha mionzi kwa wepesi kuliko maji; mifupa nayo huizuia zaidi. Kwa hiyo wanapopanga matibabu ya mgonjwa hufanya hesabu ya tofauti hizo. Tangi la maji limeokoa watu wengi, na hakuna hata siku moja ambapo mtu wa kazi hiyo amesahau ya kuwa ni tangi la maji.

Sasa narudi kwetu shuleni, na hapa yanipasa kuungama kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, katika shule niliyosoma kabla ya kuja hapa, tulifanya jaribio la kupima mkojo wa mfano. Tulipewa chupa mbili, A na B. Ndani yake mlikuwa na maji yaliyotiwa chumvi kidogo na rangi ya chai. Tuliambiwa tutafute ni chupa ipi inayofanana na mkojo wa mgonjwa wa kisukari, kwa kutia myeyusho wa Benedict na kuchemsha. Kama mna glukosi, rangi ya buluu hugeuka kijani, kisha manjano, na mwisho huwa nyekundu ya tofali la kuchoma. Kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kusikia kutoka kwa waliotutangulia ya kwamba jibu ni B.

Nilichemsha A, ikabaki buluu. Nikachemsha B, nayo ikabaki buluu. Nikachemsha tena hata mrija wa kioo ukakaribia kupasuka, buluu. Nikatazama daftari za jirani zangu, nikaona wameandika "nyekundu ya tofali", nami nikaandika "nyekundu ya tofali". Mwenzangu wa meza moja, kijana mkimya, aliandika: "B imebaki buluu. Hapana badiliko." Nikamcheka. Daftari zilipokusanywa nilipata alama zote, yeye akapata sifuri.

Siku ya pili yake mwalimu aliingia darasani akiwa na uso uliobadilika. Alikuwa ameisoma tena daftari ile ya sifuri, akaingiwa na shaka, akaenda mwenyewe kuipima chupa B. Ilibaki buluu. Akauliza, ikajulikana ya kuwa glukosi ilikuwa imekwisha stoo, na aliyetayarisha chupa, kwa nia njema kabisa, alitia sukari ya chai. Naam, ni sukari, tena ni tamu kuliko glukosi. Lakini myeyusho wa Benedict hauonji utamu. Sukari ya chai haiubadilishi rangi, mpaka kwanza ichemshwe na asidi ikavunjike. Mkojo wetu wa mfano ulifanana na wa mgonjwa kwa rangi na kwa utamu, mambo mawili yasiyotakiwa, ukakosa kufanana kwa jambo moja lililotakiwa.

Mwalimu hakutupiga wala hakutukemea. Alimpa kijana yule alama zake, kisha akatuuliza sisi wengine, "Ninyi mliona wapi rangi ya tofali?" Tukainama. Akasema, "Mngekuwa zahanati, mngemwandikia mtu mzima ugonjwa asio nao." Sijapata kuona haya namna ile tangu kuzaliwa.

Tangu siku ile nimeelewa ya kwamba mlikuwa na makosa mawili ndani ya chumba kile. La kwanza ni mfano mbovu. Kosa hilo laweza kumpata mtu yeyote, hata wale wa Mirihi limewapata. La pili ni letu sisi tulioandika tusichokiona, nalo ndilo lililotaka kulifunika la kwanza lisionekane milele. Mfano mbovu hugunduliwa na mtu mmoja tu, naye ni yule mwenye kuandika buluu anapoona buluu. Asipokuwapo huyo, darasa zima litapata alama nzuri na hakuna atakayejifunza kitu. Ukweli ukidhihiri uwongo hujitenga, lakini sharti awepo wa kuudhihirisha.

Na hapa ndipo lilipo neno la pili la yule mzee mwashi, ambalo sikulitaja mwanzo. Kabla hajaondoka maabara alinieleza sababu ya shaka yake. Katika ujenzi wa majumba makubwa, alisema, zege linapomwagwa kwenye nguzo, sehemu yake hutiwa katika viboksi vya chuma vya sentimita 15 kila upande. Vipande hivyo huwekwa majini, kisha siku ya 7 na siku ya 28 hupelekwa kuvunjwa kwa mashine, ili ijulikane nguzo ina nguvu gani. Ni desturi nzuri. Lakini katika maisha yake ya kazi, mahali fulani ambapo hakutaja jina, aliona zege la vipande likikorogwa mbali na lile la nguzo, kwa saruji nyingi zaidi. "Vipande vikafaulu," alisema. "Kipande kilisema kweli, mwanangu, lakini kilisema kweli juu ya kipande."

Nikafahamu ya kuwa swali lake halikuwa la mtu asiyesoma. Alikuwa ameona kwa macho yake mfano ukitumiwa kuficha, na watu wakapanda ghorofa juu ya maficho hayo. Kuuliza si ujinga, naye aliuliza swali ambalo sisi wa Kidato cha Sita hatujiulizi. Kinachofanya kipande cha zege kiwe shahidi ni kule kuchotwa katika zege lile lile lililomwagwa kwenye nguzo. Wakivunja uhusiano huo, kinabaki tofali zuri lisilo na maana. Ndivyo ilivyo na kila kitu cha mfano: thamani yake yote imo katika uhusiano wake na kitu chenyewe, na mtu mwaminifu ndiye aulindaye.

Wako wenzangu watakaosema, "Hayo yote ni maneno ya kujifariji. Sisi twatumia vitu vya mfano kwa sababu ya umaskini. Shule zingekuwa na fedha zingetumia vitu vya kweli." Nakubali ya kuwa twapungukiwa na vitu vingi. Walakini nimekwisha onyesha ya kwamba mataifa yenye fedha nyingi kuliko sisi hutumia vitu vya mfano kila siku. Tusiuonee haya mrija wa Visking. Yafaa tuone haya kwa sababu nyingine: ya kwamba twamaliza muhula mzima bila kuuliza mrija ule haufanani na utumbo katika mambo gani. Utumbo ulio hai una mikunjo na vinyweleo vya kuongeza eneo la kunyonya chakula, una mishipa ya damu, na hutumia nguvu zake wenyewe kuvuta glukosi ndani. Mrija hauvuti chochote. Hungoja tu chembe zipite zenyewe. Mwanafunzi asiyeambiwa hayo atakwenda mtihanini akiamini ya kuwa ndani ya tumbo lake mna kipande cha plastiki.

Kwa hiyo natoa mashauri manne, kwa heshima zote kwa walimu wetu.

La kwanza, kila kitu cha mfano katika maabara yetu kibandikwe karatasi yenye mistari mitatu: hiki ni mfano wa kitu gani, kinafanana nacho kwa jambo gani, hakifanani nacho kwa jambo gani. Sisi wanafunzi tuko tayari kuziandika karatasi hizo wenyewe.

La pili, atayarishaye kitu cha mfano akipime kwanza kabla ya darasa. Dakika kumi za kupima chupa B zingalituepushia aibu yote ile.

La tatu, na hili ndilo kubwa, naomba alama zitolewe kwa mwanafunzi aliyeandika alichokiona, hata kama hakilingani na kilichotazamiwa, mradi aeleze alivyofanya. Najua si jambo jepesi, maana mtihani wa taifa una majibu yake na walimu wetu wanataka tufaulu. Lakini tukizoea tangu Kidato cha Kwanza ya kwamba buluu hupata sifuri na uongo hupata kumi, tutakuwa wauguzi wa namna gani? Tutakuwa mafundi wa namna gani wa kupeleka vipande vya zege maabara?

La nne, angalau mara moja kila muhula kitu cha mfano kiwekwe pamoja na kitu chenyewe. Haihitaji fedha nyingi. Kipande cha utumbo wa mbuzi hupatikana kwa mwenye bucha kwa bei ndogo, pengine hata bure. Kikipasuliwa na kuwekwa katika sahani kando ya mrija wa Visking, hata mtoto wa Kidato cha Kwanza ataona kwa macho yake kipi kinafanana na kipi hakifanani.

Na kwa wazazi nina ombi dogo. Mtoto akija nyumbani na daftari la maabara, msitazame alama peke yake. Mwulizeni kama yule mzee alivyoniuliza: "Hiki ulichopima ni kitu chenyewe au ni mfano? Wewe mwenyewe uliona nini?" Akianza kugugumia, kama nilivyogugumia mimi, basi swali limefanya kazi yake.

Nawe Mzee wangu, fundi, kama maneno haya yamekufikia, jibu la swali lako ni kwamba siku ile nilikuonyesha kweli maji na mfuko, nikasahau kukuambia ya kuwa ni maji na mfuko. Habari niliyokupa ilikuwa moja tu: ya kwamba chembe kubwa hukwama na ndogo hupita. Hiyo ni kweli, na utumbo nao hufuata sheria hiyo, lakini una mengine mengi ambayo mrija hauyajui. Nalipaswa kukueleza hivyo tangu mwanzo. Siku ya Wazazi ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa kwenye meza ile ile. Safari hii nitaweka sahani mbili, na kila moja itakuwa na karatasi yake. Karibu uje unikague.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita